Ruhusa Sikuomba

Temeke
12 Mei 2025

Mdogo wangu Mwanakombo,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima na nyumba nzima ni salama. Sie huku hatujambo, ila goti langu la kushoto ni lile lile, na sukari inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Wifi yako Nunu anakusalimu sana.

Nimekupigia simu tangu juzi hupokei. Jana ukaniletea ujumbe: "Sauti yako sitaki, andika." Mie niliyekufundisha kushika kalamu leo ndiye wa kuambiwa hivyo. Haya, naandika, kwa kidole kimoja juu ya kioo cha simu. Ukiona herufi zimepishana ujue ni hasira, wala si macho.

Jumamosi nilikwenda kwa Salumu kunyoa. Ana televisheni yake ukutani, wateja wanatazama tamthilia. Nikaona mwanamke kavaa dera, kajifunga kanga kiunoni, anamtolea mumewe godoro nje na kulipiga teke, anamporomoshea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Salumu akaacha kuninyoa. Akaniuliza, "Mzee, huyu si yule mdogo wako wa Kinondoni?" Nilitoka pale na ndevu upande mmoja.

Tangu siku hiyo kila nikitoka msikitini kuna mtu wa kunipa pole huku anabana kicheko. Wanasema mdogo wa Mwinjuma anajua kufukuza mume. Mwanakombo, Masoud hajatimiza miaka miwili kaburini. Una miaka hamsini na saba. Wenzako wanajiandaa kwenda Makka, wewe unapiga magodoro mateke mbele ya nchi nzima.

Baba alipofariki ulikuwa darasa la tatu. Mie ndiye niliyebeba magunia bandarini ukavaa sare na kiatu kama watoto wenye baba. Sijakukumbusha siku zote hizi. Leo nakukumbusha. Acha jambo hilo kabla ya Idd.

Kaka yako,
Mwinjuma


Kinondoni
14 Mei 2025

Kaka Mwinjuma,

Shikamoo. Shikamoo ni haki yako na sitakunyima hata nikiwa na hasira, na leo ninazo. Mwambie wifi Nunu nimepokea salamu zake. Hilo goti akukande kwa maji ya moto yenye chumvi, usisubiri livimbe.

Magunia nayajua. Nilikuwa nakuona ukirudi shingo imechubuka, na mama anakupaka mafuta. Sijasahau hata siku moja. Lakini ulinilisha na kunisomesha, kaka. Hukuninunua.

Masoud nimemlilia, eda nimekaa nikaimaliza, khitma nimemsomea. Baada ya hapo nilikaa kwenye kochi langu nikasikia kwenye redio kwamba wanatafutwa waigizaji wa makamo kwa ajili ya tamthilia, waende Manzese. Nikaenda. Ni chumba cha juu, chini yake mafundi wanachomelea mageti, cheche zinaruka mpaka kwenye ngazi. Mabinti wamejaa kwenye benchi, wazuri, kucha ndefu. Yule wa mlangoni akaniambia, "Mama, wazazi wanasubiri nje." Nikamjibu, "Mie sijamleta mtu. Nimejileta."

Mwongozaji ni kijana anaitwa Allen, ningeweza kumzaa. Akanipa karatasi nisome. Mstari wa kwanza sauti ilikwama, nikakohoa, mabinti wakatazamana. Mstari wa pili ikatoka. Kaka, ilitoka kama ilikuwa imekaa mlangoni inasubiri. Fundi wa chini alizima mashine yake asikilize. Allen akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia, Temeke, zamani, nikakatizwa.

Hakuuliza nani alinikatiza. Wewe unajua. Mwaka tisini na mbili ukumbi umejaa, nipo katikati ya maneno yangu, ukapanda jukwaani ukanishika mkono ukanishusha. Watu wakapiga makofi. Walidhani wewe ni sehemu ya mchezo. Nilipita katikati yao nikilia, na wao wanapiga makofi.

Kabla mwaka haujaisha nikawa mke wa Masoud. Mume mwema, sina la kumsengenya. Lakini sharti lake lilikuwa hilo hilo, nisipande tena jukwaani, na wewe ulilikubali kabla mie sijaulizwa. Akishafunga duka alikuwa ananiambia, "Hebu nifanyie yule mama mwenye nyumba wa kwenye michezo yenu." Nafanya, anacheka mpaka anashika mbavu, na madirisha amekwisha kuyafunga. Ukumbi mzima wa watu ukageuzwa mtu mmoja na madirisha yaliyofungwa. Nilicheka naye, ndiyo. Na kila nikicheka, wewe nilikuwa nakulaani.

Siachi. Idd nitakuja kula pilau nikialikwa kwa wema.

Mdogo wako,
Mwanakombo


Temeke
1 Juni 2025

Mwanakombo,

Salamu. Wazima.

Familia imekaa kikao jana bila wewe, kwa kuwa uliitwa hukuja. Wakubwa wote wamesema kauli moja. Mambo yako yameshashughulikiwa, na hutakuwa na sababu ya kwenda tena Manzese. Usiniulize vipi. Njoo Idd, tule, tuyamalize.

Asiyesikia la mkuu unajua kinachompata.

Kaka yako,
Mwinjuma


Kinondoni
15 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo.

Idd sikuja. Nilikuwa nyumbani najitazama ninavyozikwa.

Ulisema nisiulize vipi. Sikuuliza. Kwa wiki tatu Allen hakunipigia, nikimpigia, msichana wake wa ofisini anasema, "Mama tulia, tutakuita." Nikatulia. Siku ya pili ya Idd majirani wamekuja kwangu na sahani za biriani, tumewasha televisheni tumtazame Bi Zulfa, maana ndilo jina langu kule. Inaanza, nasikia wanawake wanalia. Mume niliyemfukuza na godoro lake amekaa kwenye mkeka anapangusa macho. Wakatoa jeneza. Bi Zulfa amekufa ghafla, usingizini, moyo. Ndani ya sanda walimweka sijui nani, mwembamba, miguu mirefu, hata kimo hatulingani.

Majirani walicheka kwanza. Jirani yangu mmoja akaniambia, "Pole Mwanakombo, umefiwa na wewe mwenyewe." Halafu wakaniona uso. Wakachukua sahani zao mmoja mmoja.

Kesho yake nilipanda zile ngazi Manzese bila kubisha hodi. Allen aliponiona alisimama kama kaona mzuka. Akaniambia, "Mama, tuliambiwa hali yako mbaya." Nikamwuliza nani kasema. Akasema alikuja mzee mmoja wa heshima, kofia ya viua, anachechemea, akasema yeye ni kaka yangu na baba yangu, kwamba moyo wangu umevimba, daktari amenikataza kazi, na mimi ni mbishi nitafia hapo kwenye kamera, kesi iwe yao. Na kwamba nisiambiwe, nisije nikashtuka.

Mbele ya Allen sikulia. Nilimwambia nitazame. Nikashuka ngazi mpaka chini, nikapanda tena mpaka juu, nikasimama mbele yake naongea bila kuhema.

Mara ya kwanza ulinishusha jukwaani mbele yangu, nikakuona. Safari hii ulinipitia mgongoni. Umeninenea ugonjwa, kaka. Kama maneno huumba, basi umeniombea nini?

Usinijibu kama huna la maana.

Mwanakombo


Temeke
18 Juni 2025

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na Mungu akujaalie afya ambayo unasema nimekuombea kinyume chake. Nunu hasemi na mie tangu alipousoma ujumbe wako. Chakula ananiwekea mezani kama mpangaji.

Uongo wa kumtoa ndugu kwenye moto si uongo. Ningekuja na ukweli wasingenisikiliza. Wale vijana hawajui aibu ni nini.

Na kwa kuwa umeuamsha mwaka tisini na mbili, acha nikwambie usichokijua. Unadhani nilitumwa, nikaja na hasira zangu toka nyumbani. Sivyo. Nilikata tiketi kama watu wote. Nilivaa shati la kupigwa pasi. Nilikaa katikati nikakutazama, na mwanzo nilikuwa nimefurahi, wallahi. Mbele yangu walikaa wanaume wawili. Mmoja akasema neno juu ya mwili wako. Mwenzake akaongeza. Mtoto niliyembeba mgongoni. Nikainuka, macho hayaoni, nilichokiona ni wewe pale juu kwenye taa na kila mtu anakutazama. Ndipo nikapanda.

Ungekuwa na dada yako ungefanya vile vile. Sijuti.

Kaka yako,
Mwinjuma


Kinondoni
18 Juni 2025, jioni

Kaka,

Shikamoo.

Mwenye mdomo mchafu alikuwa mbele yako, umbali wa mkono. Ulimruka yeye na mwenzake, ukatembea ukumbi mzima, ukapanda ngazi, ukanishusha mie.

Yeye alibaki kwenye kiti chake. Pengine alipiga makofi.

Mie ningemshusha yeye.

Mwanakombo


Temeke
2 Julai 2025

Mdogo wangu Mwanakombo,

Assalaam aleikum. Habari za siku nyingi. Sukari imenishika vibaya wiki hii, kuna kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu, nakiangalia. Nunu ameanza kuongea, kidogo.

Leo nimekuja kwa kheri. Yule kijana Allen amenipigia simu. Ameongea kwa adabu, "mzee" kila neno. Anasema watu wamelalamika sana Bi Zulfa kufa, wanapiga simu, wanaandika. Amefikiria kumleta pacha wake, aliyekuwa akiishi Tanga, na pacha huyo ni wewe. Lakini hataki ugomvi na familia, basi akaniuliza kama mie kaka mkubwa sina neno.

Nimelala nalo siku mbili. Mie sina roho ya jiwe, Mwanakombo. Nimeona ulivyoumia. Basi njoo Temeke Ijumaa baada ya swala, ukae na mie na wakubwa wawili watatu, uombe kama mtu anavyoomba kwa wakubwa wake, nami nitamwambia kijana sina neno. Magodoro tu yapungue. Mambo yatakwisha na heshima ya kila mtu itabaki.

Kaka yako anayekupenda,
Mwinjuma


Kinondoni
9 Julai 2025

Kaka,

Shikamoo. Kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari hakiangaliwi, kinapelekwa hospitali. Nenda.

Ijumaa umenisubiri, Nunu kaniambia ulitandika mkeka mpya. Nami nakujibu: hiyo ruhusa yako, nani aliyekuomba?

Nilikwenda Manzese jana. Allen alinipokea kwa furaha, amenichapia karatasi zangu, pacha wa Tanga anaitwa Bi Zuhura, ana maneno mazuri, mengi kuliko ya marehemu. Niliyasoma nikayatamani. Sikufichi, niliyatamani mpaka mate yakanijaa. Akaniambia, "Mama, nimeshaongea na mzee, anaelekea kukubali. Akishasema tu hana neno, wiki ijayo tunaanza."

Nikamwuliza, "Yule anayeigiza mume wangu, mwenye mvi kunizidi mie. Ulimpigia kaka yake?"

Akacheka, akadhani natania. Alipoona sicheki akasema, "Mama, yule ni mwanaume."

Alilisema hivyo hivyo, bila ubaya, kama mtu anayekwambia leo ni Jumanne. Ubaya ungenisaidia, ningemtukana. Nikazipanga zile karatasi vizuri, nikamwekea mezani, nikamwambia sitakuja. Akanifuata mpaka kwenye ngazi, ananisihi: ni simu moja tu, mama, neno moja tu la mzee, kwani unapungukiwa nini. Nikamwambia napungukiwa mie.

Nilisimama kandokando ya Barabara ya Morogoro, mabasi ya mwendokasi yanapita, nikalia. Mama lishe mmoja akaniletea kigoda, akaniuliza nimefiwa na nani. Nilishindwa kumweleza kwamba nimekataa kazi niliyoitafuta zaidi ya nusu ya umri wangu, kwa sababu kaka yangu ameikubali.

Ungekataa, ningepigana na wewe. Umekubali, ukaniharibia zaidi. Kwa kuwa kama ni yako kunipa, basi ilikuwa ni yako kuninyima, na mwaka ule ulikuwa na haki. Hukuwa nayo. Hiyo siuzi, hata kwa Bi Zuhura.

Usinipigie, na usiniandikie mpaka kidonda kipone.

Mwanakombo


Temeke
17 Agosti 2025

Mdogo wangu Mwanakombo,

Assalaam aleikum warahmatullah. Nakuuliza hali yako, na kwa kweli nataka kuijua.

Kidonda hakijapona. Umesema nisiandike mpaka kipone, lakini daktari anasema kitachukua muda, naye amekisafisha mara mbili. Naogopa nikisubiri nitachelewa.

Nunu kila Jumamosi ananiaga anakwenda Kipawa kwa dada yake. Nilikaa na hilo wiki kadhaa kabla sijakumbuka kwamba Nunu hana dada Kipawa. Nikamwuliza. Hakunificha. Akasema anakwenda kukutazama, kwamba umemtafuta Kondo, yule mliyekuwa naye kwenye kikundi cha zamani, naye ana watu wake wanafanya mazoezi kwenye darasa la shule, mchezo wa jukwaani, hakuna kamera. Na kwamba mchezo umekaa juu ya mabega yako mwanzo mpaka mwisho.

Nikamwuliza unafanya nini humo. Nunu unamjua, huwa hakosi maneno. Safari hii akasema tu, "Siwezi kukusimulia. Ni mpaka uwepo." Akaenda kuosha vyombo. Nilimsikia jikoni anarudia maneno fulani peke yake, kwa sauti isiyo yake. Nadhani yalikuwa ya kwako.

Nimekuwa nikifikiri juu ya lile shati nililopiga pasi. Mchezo ule sikuuona mwisho wake. Sijui yule mwanamke uliyekuwa unamwigiza ilikuwaje kwake. Sijawahi kumwuliza mtu.

Nimemwuliza Nunu siku na mahali, amekataa, anasema si yake kusema. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Nitakaa nyuma kabisa. Sitasema neno. Mguu wenyewe huu, hata nikitaka kupanda ngazi siwezi.

Nakuomba. Neno hili sidhani kama nimewahi kukuandikia.

Kaka yako,
Mwinjuma


Kinondoni
20 Agosti 2025

Kaka Mwinjuma,

Shikamoo.

Pole na mguu. Kesho kutwa asubuhi nitakuja na bajaji nikupeleke kliniki mwenyewe, Nunu apumzike. Uvae kandambili pana, si kile kiatu cha kubana. Njiani tutaongea habari za mguu na za nyumbani. La mchezo tusiliongee.

Ujumbe wako nimeusoma, nikauacha, nikaurudia. Nilikwisha kuandika "njoo". Nilitaja na siku na mahali. Nikafuta.

Nikueleze kwa nini, maana umeomba kwa adabu na unastahili kuelezwa. Wiki iliyopita tupo mazoezini, nipo katikati ya maneno yangu, maneno marefu ninayoyajua kama Alhamdu. Akaingia fundi wa umeme kwa mlango wa nyuma, mzee mrefu mwenye kofia. Kasimama tu anatafuta swichi. Maneno yakakatika. Si kwamba niliyasahau, yalikuwepo yote, ila hayakutoka. Nilimtazama yule mzee wa watu mpaka akaomba radhi akaondoka. Kondo akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nipe maji.

Miezi yote hii nilidhani nilichonacho kwako ni hasira tupu. Nikaitumia, imenibeba mbali. Kumbe chini yake ni woga. Mwanamke wa miaka hamsini na saba, nimezaa, nimezika, bado naogopa mlango. Na hilo limenikasirisha kuliko yote uliyonifanyia.

Naamini utakaa nyuma. Naamini hutasema neno. Lakini nikikuona pale nitakuwa mdogo wako, na jukwaani siwezi kuwa mdogo wa mtu.

Yule mwanamke uliyemkatiza alikuwa anadai watoto wake mbele ya wazee wa mtaa. Mwisho wake anapewa. Sikuwahi kuusema mwisho huo mbele ya watu, na mtu mwingine hakuusema pia, mchezo ulikufa siku ile. Sasa unajua.

Usije, kaka. Nunu atakuja, mwache aje. Siku nitakayoweza nitakuita mwenyewe, na usipoitwa, usiniulize.

Kidole kioshe kwa maji ya uvuguvugu, ukikaushe vizuri kabla ya kukifunga.

Mdogo wako,
Mwanakombo